Usiku tulivu hutafutwa mchana: mwongozo wa mpangaji wa Nairobi mwenye jirani wa kelele

Mpangaji akiamshwa na muziki wa jirani saa saba usiku, jambo la kwanza linalomjia ni kugonga dari kwa mpini wa ufagio, au kupanda ngazi kwa ndara ili akabishe mlango wa aliyemkosesha usingizi. Nimeyafanya yote mawili katika miaka niliyopanga Roysambu na baadaye Umoja, na hakuna lililonisaidia. Jirani aliyekunywa pombe hasikii hoja. Wageni wake wanamtazama, naye hawezi kukubali kuaibishwa mbele yao, na mimi mwenyewe saa hiyo sina sauti ya upole. Kesho yake tulipokutana ngazini hatukusalimiana, na tangu hapo kelele ikageuka kuwa ugomvi wa heshima ambao hakuna aliyejua namna ya kuumaliza. Nilichojifunza ni kwamba kazi karibu yote ya kupata usiku tulivu hufanywa mchana: kuchunguza, kuzungumza, kuandika na, ikibidi, kushtaki. Usiku unabaki kuwa wakati wa kukusanya ushahidi na kujikinga.

Kuna kelele moja ambayo kanuni hii haiigusi kamwe, nami naitaja mapema ili isisahaulike. Ukisikia mtu akipigwa, mwanamke akilia kuomba msaada au mtoto akiteswa, hilo si suala la usumbufu wa jirani wala halisubiri mapambazuko. Piga simu kwa polisi kupitia 999 au 112 papo hapo. Namba 1195 hupokea taarifa za dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote mbili hazitozwi malipo. Mwite keateka (mwangalizi wa jengo) na majirani wengine mwende pamoja, kwa sababu kubishwa kwa mlango na watu wanne kumewahi kuokoa maisha pale ambapo ukimya wa jengo zima ungeyapoteza.

Ijue kelele kabla ya kumtaja mkosaji

Fleti nyingi za Nairobi, hasa zile ndefu za Pipeline, Zimmerman na Kahawa West, ni nguzo na slabu za zege ambazo kati yake zimejazwa kuta za mawe au matofali ya saruji. Katika jengo la namna hiyo sauti husafiri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa: mazungumzo, redio, runinga na kilio hupita madirishani, katika mwanya ulio chini ya mlango, na zaidi ya yote katika ule uwazi wa katikati ya jengo ambao madirisha ya jikoni na bafuni ya kila nyumba huutazama. Njia ya pili ni zege lenyewe. Kisigino cha kiatu, kiti kinachoburutwa, kinu na pampu ya maji hulitikisa jengo, na mtikisiko huo hupita slabu na nguzo hadi orofa mbili au tatu mbali na ulipoanzia. Sabufa, yaani spika ya besi, iliyowekwa sakafuni hutumia njia zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana besi yake humfikia mtu ambaye hasikii hata neno moja la wimbo wenyewe.

Njia hii ya pili hudanganya sikio. Nilipokuwa Roysambu, kwa wiki kadhaa niliamini kwamba mpangaji wa juu yangu alikuwa na cherehani ya umeme aliyoiendesha saa kumi alfajiri, na nilikuwa nimekwisha kuandaa malalamiko kwa mwenye nyumba. Kilichonizuia ni daftari. Nilipoyapitia maandishi yangu niligundua kwamba sauti ile ilitokea siku mbili tu za wiki, zile ambazo mtaa wetu ulipata maji kwa zamu. Ilikuwa pampu ya chini ikisukuma maji kwenye matangi ya paani, na bomba lake lilikuwa limebanwa kwa vyuma kwenye ukuta wa chumba changu cha kulala. Fundi wa bomba aliweka vipande vya mpira kati ya vyuma na ukuta, na kelele ikapungua kiasi cha kunipa usingizi. Yule jirani, ambaye ningemshtaki bure, hakuwa na cherehani.

Kwa hiyo anza na uchunguzi wa wiki moja au mbili. Kelele inapotokea, tembea ndani ya nyumba yako, weka kiganja kwenye ukuta na kwenye fremu ya dirisha ili uhisi mtikisiko uko wapi zaidi, kisha toka koridoni usikilize huko, na kama ni salama shuka au panda orofa moja. Andika katika daftari tarehe, saa ya kuanza, saa ya kwisha, aina ya sauti, chumba ulichokuwamo na ilivyokuathiri. Mstari kama huu unatosha: “Ijumaa, saa nne na nusu usiku hadi saa nane usiku, muziki wenye besi kutoka nyumba ya kushoto, ukuta wa chumba cha kulala ulitikisika, mtoto aliamka mara tatu.” Muulize pia jirani wa upande wa pili kama naye anasikia, bila kumtaja mtu. Daftari la namna hii ndilo litakalobeba mzigo wa kila hatua inayofuata, na kila ofisi niliyoingia nikiwa nalo ilinisikiliza kwa namna tofauti na nilipoingia mikono mitupu.

Unaweza pia kurekodi sauti kwa simu, lakini rekodi ukiwa ndani ya nyumba yako na urekodi sauti tu. Kumpiga jirani picha za video mlangoni pake, au kuwapiga picha watoto wake, kunaingilia faragha yake na kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Sheria inavyosema kuhusu usiku

Kanuni za kudhibiti kelele na mitikisiko zilizotolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 zinaweka viwango kwa kila aina ya eneo. Ndani ya nyumba katika eneo la makazi, kiwango cha juu ni desibeli 45 mchana na 35 usiku. Pale ambapo makazi yamechanganyika na maduka na sehemu za burudani, kama ilivyo mitaa yetu mingi, mchana huruhusiwa desibeli 55, lakini usiku hurudi palepale, 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia takribani desibeli 60, kwa hiyo 35 ni kiwango cha chini sana, karibu na kile ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwa chumba cha kulala, yaani 30. Ikumbukwe kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi: kila ongezeko la 10 lina maana ya nishati mara kumi, na sikio huisikia sauti hiyo kama imeongezeka takribani maradufu.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui ni saa. Nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa keateka, kwamba kelele huruhusiwa mpaka saa nne au hata saa sita usiku. Kwa mujibu wa kanuni hizo, usiku huanza saa mbili na dakika moja jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Kwa eneo la ujenzi, mchana huisha mapema zaidi, saa kumi na mbili jioni, hivyo mashine ya kuchanganyia zege ya ploti ya jirani haina ruhusa ya kawaida ya kunguruma baada ya hapo.

Programu za simu za kupima sauti husaidia kulinganisha usiku mmoja na mwingine, ingawa hazina uzito wa kipimo cha afisa mwenye kifaa kilichosahihishwa. Hata hivyo, usife moyo kwa kukosa kifaa. Kanuni hizo hazitazami tarakimu peke yake. Zinakataza kelele kubwa isiyo ya lazima inayosumbua raha, mapumziko au afya ya wengine, na katika kuipima zinauliza maswali ambayo daftari lako linaweza kuyajibu: ni saa ngapi, ni karibu na makazi kiasi gani, hujirudia au ni ya mara moja, imekuzwa kwa vyombo vya umeme au la, na je, ingeweza kuzuiwa bila gharama au taabu kubwa. Swali hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote katika fleti. Kupunguza besi hakugharimu chochote. Kumnyamazisha mtoto wa miezi mitatu mwenye homa hakuwezekani, na hakuna mwenye haki ya kulidai.

Ninaomba jambo hili lizingatiwe kwa dhati. Kilio cha mtoto, kikohozi cha mgonjwa, hatua za mlinzi anayerudi kutoka zamu saa kumi na moja alfajiri, na nyimbo za matanga kwa siku chache za msiba ni sehemu ya kuishi na watu. Anayezishtaki hizi hupoteza masikio ya majirani ambao angewahitaji siku ya sabufa.

Mazungumzo, na namna ya kuyaanza

Baada ya kujua kelele inatoka wapi, zungumza na mwenyewe kabla ya kumwendea mtu mwingine yeyote. Chagua saa ambayo hana haraka. Jumamosi au Jumapili alasiri hufaa. Usimsimamishe akiwa amebeba mtungi wa maji ngazini, wala usianzie kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti, kwa kuwa mtu anayeonywa mbele ya nyumba arobaini hutafuta namna ya kujitetea wala si namna ya kubadilika. Salimia kwanza na uulizie hali ya nyumbani. Mwite kwa jina analoitwa na jengo zima, Mama Fulani au Baba Fulani. Aliye kijana mwite jirani au kaka, maana ukimwita “kijana” kwa sauti ya kuonya umekwisha kumfungia mlango.

Kisha eleza saa na athari, usieleze tabia yake. Kati ya “Wewe huna adabu, unapiga makelele usiku kucha” na maneno haya kuna umbali mkubwa: “Baba Fulani, nimekuja kukuomba jambo. Chumba changu cha kulala kimepakana na sebule yako, na muziki ukipigwa baada ya saa tatu usiku besi inatikisa kitanda. Ninaamka saa kumi na moja kwenda kazini. Najua pengine hukujua inafika kwangu. Unaweza kuiinua ile sabufa kutoka sakafuni na kuisogeza mbali na ukuta huu, halafu usiku upunguze besi?” Msikilizaji amepewa heshima, amepewa sababu, na amepewa kitu mahususi cha kufanya. Ombi la jumla la “kupunguza kelele” halina kipimo, hivyo kila mmoja atadai baadaye kwamba amelitimiza. Mkaribishe naye aje chumbani kwako asikie, kwa sababu wengi kweli hawajui sauti yao inavyofika upande wa pili. Mpe namba yako ya simu, na umwambie kwamba akikusikia wewe ukimsumbua akuambie pia.

Umoja, juu yangu, aliishi mama aliyekuwa akigonga kitu kila siku kuanzia saa kumi alfajiri. Nilipokwenda kumwona Jumapili moja nilikuta kwamba alikuwa akikanda na kusukuma chapati za kuuza karibu na kituo cha matatu, na meza yake ya mbao ilisimama juu ya vigae vitupu. Kila alipousukuma unga, miguu ya meza iliugonga mfupa wa jengo. Alisikitika sana, na alisema hakuna aliyewahi kumwambia katika miaka yake miwili hapo. Waliopanga kabla yangu walihama kimya kimya. Tulikata vipande vya tairi la zamani tukaviweka chini ya kila mguu, kisha tukakunja magunia mawili tukayatandika chini ya meza nzima. Sauti ikabaki ndogo kiasi kwamba nilihitaji kutega sikio ili niisikie. Chapati zile ndizo zilizolipa karo ya watoto wake watatu. Kama ningeanza kwa barua kwa mwenye nyumba, huenda angepewa notisi ya kuhama kwa sababu ya kitu kilichotibiwa kwa tairi kuukuu, na mpaka leo nikilifikiria hilo huona nilikaribia kufanya dhuluma kubwa.

Mwanamke anayeishi peke yake, akiwa na jirani mwanamume asiyemfahamu vyema, asiingie ndani ya nyumba hiyo wala asiende usiku. Azungumze naye koridoni mchana, akiwa na keateka au jirani mwingine, na kama jirani huyo amewahi kuonyesha vitisho, hatua ya mazungumzo irukwe kabisa.

Baada ya mazungumzo, jioni ileile, mtumie jirani ujumbe mfupi wa binafsi: “Asante kwa kunisikiliza leo. Nashukuru kwamba umekubali kupunguza besi baada ya saa tatu.” Ujumbe huo ni adabu, na pia ni kumbukumbu yenye tarehe kwamba aliambiwa na akakubali. Mpe wiki mbili, na uendelee kuandika daftarini, zikiwemo siku ambazo palikuwa kimya.

Keateka, ajenti na mwenye nyumba

Keateka hana mamlaka makubwa, na mara nyingine anaishi kwa hofu ya wapangaji wenye fedha kuliko yeye, lakini yeye ndiye shahidi wa karibu zaidi. Mwombe apande asikie wakati kelele inaendelea, halafu andika kwamba alifika. Usikomee kwake. Nimeona malalamiko ya mwaka mzima yakiishia katika kibanda cha langoni, mwenye nyumba akiwa hajui lolote.

Kabla ya kuandika barua, soma mkataba wako. Mikataba mingi ina sharti linalokataza usumbufu kwa wapangaji wengine, na pasipo na mkataba wa maandishi huwa kuna sheria za ploti zilizobandikwa langoni au kuchapwa nyuma ya kitabu cha risiti. Sharti hilo linamfunga jirani yako kama linavyokufunga wewe. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, nayo inaweka ahadi katika kila mkataba wa kupanga kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti atakaa kwa amani bila kuingiliwa na mwenye nyumba au mtu anayepata haki yake kupitia kwake. Ahadi hiyo haimfanyi mwenye nyumba kuwa mdhamini wa kila usiku wako, lakini inafaa kutajwa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye mwenye mkataba na pande zote mbili na ndiye anayeweza kuonya au kutoa notisi.

Barua iwe fupi, isiyo na matusi, na iwe na ombi. Mfano wake ni huu:

“Mimi ni mpangaji wa nyumba namba C7. Tangu mwanzo wa mwezi uliopita nimekuwa nikisumbuliwa na muziki kutoka nyumba namba C8 kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, hasa Ijumaa na Jumamosi. Nimeambatisha orodha ya tarehe na saa. Nilizungumza na mpangaji huyo kwa amani na akakubali kurekebisha, lakini usumbufu umeendelea mara tano baada ya hapo. Keateka alifika na kusikia mara mbili. Naomba umkumbushe kwa maandishi sharti la mkataba kuhusu usumbufu, na unijulishe hatua iliyochukuliwa ndani ya siku kumi na nne.”

Toa nakala mbili, na ajenti atie sahihi na tarehe kwenye nakala unayobaki nayo. Kama mnawasiliana kwa baruapepe, tuma kwa njia hiyo. Wapangaji wengine wakikubali kutia sahihi, hasa wa orofa tofauti, barua hupata nguvu ya jengo zima na wewe huacha kuonekana kama mtu mwenye chuki binafsi.

Wapo watakaokushauri uzuie kodi mpaka mwenye nyumba achukue hatua. Usifanye hivyo. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi bado inatumika Kenya, na mpangaji mwenye deni anaweza kuletewa dalali abebe runinga na friji, huku malalamiko yake ya kelele yakisahauliwa siku hiyohiyo. Lipa kwa wakati na utunze risiti.

Katika majengo ya Kilimani au Kileleshwa ambako kila fleti ina mmiliki wake, mwenye nyumba wako huenda hana uwezo juu ya jirani hata kidogo. Hapo peleka barua kwa kampuni au kamati inayosimamia jengo, nakala kwa mwenye nyumba wako, kwa kuwa kanuni za jengo humfunga kila mkaaji, awe mmiliki au mpangaji.

Jengo likishindwa

Ofisi ya karibu zaidi ni ya naibu wa chifu, pamoja na wazee wa Nyumba Kumi (mpango wa usalama wa majirani) mahali ambapo wanafanya kazi. Hapo pande zote mbili huitwa, husikilizwa bila malipo na hupatanishwa. Kwa ugomvi wa nyumba mbili ninaona hii ndiyo njia bora kuliko zote za serikali, kwa sababu mtu aliyekubali jambo mbele ya wazee wa mtaa huona uzito wa kulivunja. Nenda na daftari na nakala ya barua.

Kwa sherehe inayoendelea usiku huohuo, unaweza kupiga simu au kwenda kituo cha polisi kilicho karibu. Omba taarifa yako iingizwe katika kitabu cha matukio na upewe namba ya OB. Hata kama hakuna gari la doria usiku huo, namba hiyo ni ushahidi kwamba ulilalamika tarehe fulani, na taarifa tatu zenye namba huwa na uzito ambao simu kumi zisizoandikwa hazina.

Kelele ikitoka kwa baa ya chini, kanisa lililopangishwa orofa ya juu lenye vipaza sauti vya kesha, au karakana ya kuchomelea, basi hushughuliki tena na jirani bali na biashara au taasisi, na wakati mwingine mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayefaidika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa kelele. Peleka malalamiko ya pamoja ya wakazi kwa maofisa wa mazingira na wa afya ya umma wa Kaunti ya Jiji la Nairobi katika kaunti ndogo yenu. Kaunti hiyohiyo ndiyo inayotoa leseni za pombe, na wakazi wanaweza kuwasilisha pingamizi. Novemba 2022 Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi. Mkazi anayelalamika ana haki ya kuukumbusha uongozi wa kaunti msimamo huo. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ambayo makao yake makuu yako South C, nayo hupokea malalamiko na ina maofisa wanaoweza kupima sauti kwa vifaa vinavyokubalika.

Juu ya yote hayo kuna mahakama. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kuamuru kelele isimamishwe. Kwa sabufa ya jirani mmoja sioni busara ya kufika huko. Kwa klabu inayowakesha wakazi wa mtaa mzima, wakazi wakiungana na kugawana gharama, inafaa.

Kujikinga wakati unangoja

Hatua hizi huchukua wiki au miezi, na mwili haungoji. Ondoa kitanda kwenye ukuta unaopakana na jirani, na mahali pake weka kabati lililojaa nguo. Ziba mwanya wa chini ya mlango kwa ukanda wa mpira au taulo lililoviringwa, kwa sababu sauti ya hewani hupita popote hewa inapopita. Kwa sababu hiyohiyo, madirisha ya vioo vya kupandana huingiza kelele nyingi hata yakiwa yamefungwa. Pazia zito na zulia hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini havizuii besi. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii sauti ya jirani hata kidogo, na ninasikitika kuona watu wakizinunua kwa tumaini hilo. Vizibo vya masikio vya sponji, vinavyouzwa katika maduka ya dawa, husaidia sana vikiingizwa vizuri, isipokuwa kwa mzazi aliye peke yake na mtoto mchanga, ambaye anahitaji kusikia.

Usijibu kelele kwa kelele. Ukiwasha spika yako saa kumi na mbili asubuhi ili kumkomoa aliyekesha, umeharibu daftari lako lote, na mbele ya wazee au afisa mtakuwa wakosaji wawili.

Ikiwa umefanya yote na usingizi haujarudi, kuhama si kushindwa. Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi inataka notisi isiyopungua kipindi cha upangaji, yaani mwezi mmoja, inayoisha siku ya kulipa kodi, isipokuwa mkataba wenu umesema vingine. Itoe kwa maandishi na utaje sababu.

Unapotafuta nyumba nyingine, usiitazame saa tano asubuhi peke yake, wakati jengo zima liko kazini na shuleni. Rudi Ijumaa saa tatu usiku, usimame koridoni dakika kumi. Gonga ukuta unaogawa nyumba mbili. Ukilia kama mtungi mtupu, utasikia kila neno la jirani. Angalia pampu iko wapi, bomba lake linapita ukuta gani, chini kumepangishwa biashara gani, na kama paani kuna viti na mahema ya ibada. Orofa ya mwisho itakuepusha na visigino vya wa juu, ila itakupa ngurumo ya matangi yanapojaa. Halafu, kabla ya kulipa amana, mwulize mama mboga aliye mkabala na lango, ambaye hukaa hapo mpaka usiku na hana kamisheni ya kupata kwa kukupangisha.